Mizani anashika nani?

Najua nimepotea, majaribio yamenikaba koo na bumu lenyewe ndo lilishakata. Wikiendi hii nikaona bora nipande daladala za Kisesa niende Bujora kusalimia wazee, na kula bure pia (msinicheke).

Nimemkuta babu chini ya mwembe na binamu yangu, yule anayeendesha bajaji mjini kwa kuitwa na wateja kupitia programu ya simu. Akaunti yake imefungwa tangu Jumatano na kosa halijui. Kampuni siitaji. Kila akituma ujumbe anajibiwa na mashine kwamba suala lake linashughulikiwa. Ofisi ya kwenda haipo, wala bosi wa kumpigia magoti.

Babu akauliza kitu kimoja tu: "Kwani hapo mizani anashika nani?"

Tukacheka, tukadhani uzee. Kumbe mzee alikuwa anatupa historia.

Babu ana miaka themanini na kitu. Utotoni alikuwa anamsindikiza baba yake kupeleka pamba kwa wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vinu vya kuchambulia pamba huku Usukuma vilikuwa vya wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia. Bei ilipangwa na serikali ya kikoloni, lakini uzito ulitajwa na karani wa mnunuzi. Mkulima hajui kusoma mizani, kwa hiyo ratili anazotajiwa ndo hizohizo. Umelima mwaka mzima, halafu mtu mmoja anasogeza kidole, basi, mbuzi mzima kapotea!

Hapo ndo anapoingia Paul Bomani, aliyezaliwa 1925. Yaani alianza harakati hizi akiwa na miaka ishirini na kitu, umri wetu huu wa kugombania viti vya maktaba. Alitokea kwenye ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, akazunguka vijijini kuwaunganisha wakulima. Na angalia walianzia wapi: si kwenye kiwanda. Walitafuta vijana waliojua kusoma, wakawaweka kando ya mizani kuhakiki uzito. Basi!

Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Kufikia 1959 pamba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa ushirika, na ushirika ukamiliki vinu vyake. Haya yote yalitokea wakati TANU imepigwa marufuku Usukuma, tangu 1954 hadi 1958. Baada ya uhuru Bomani akawa Waziri wa Fedha, 1962.

Raha sana ingeishia hapo. Lakini babu si mtu wa kupamba. Anasema ushirika ulipokuwa mkubwa, nao ukaanza kupunja. Makarani wakawa watoto wetu wenyewe, na kilo bado zikawa zinapotea. Malalamiko yakazidi nchi nzima mpaka mwaka 1966 serikali ikaunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika. 1968 hapa kwetu ikaja Nyanza. 1976 vyama vikuu vikavunjwa, sheria ya 1982 ikavirudisha, na 1994 soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. "Kila mwenye mizani alipobadilika," babu anasema, "tuliambiwa safari hii mambo safi."

Sasa nikawa nawaza kwenye daladala wakati wa kurudi. Na sisi si tuliambiwa hivyohivyo? Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar Julai 2009, wimbo ulikuwa mmoja: intaneti itamuua dalali, mtu wa Bujora atauza moja kwa moja popote duniani. Na si uongo wote. M-Pesa ilipoanza hapa nchini 2008, tuliacha kuwapa makondakta wa mabasi bahasha za hela za bibi.

Ila dalali hakufa, alihamia kwenye simu. Mwaka 2022 LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15 kwa kamisheni ya kampuni za usafiri wa mtandaoni, Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mwaka 2023 ikarudi. Jiulizeni: serikali nzima inavutana na kampuni mpaka inalegeza, dereva mmoja wa bajaji atafanyaje?

Tofauti ninayoiona mimi ni hii. Mizani ya zamani ulikuwa unaiona kwa macho. Unaweza kumsimamisha kijana pembeni akasema "hapana, hiyo ni ratili sitini, siyo hamsini." Mizani ya binamu yangu imefichwa kwenye kompyuta asiyojua iko nchi gani. Nani atasimama pembeni yake?

Nadhani ni sisi. Wale wa sheria, wa uhasibu, na nyie wa kompyuta mnaoturingia. Vijana wa Bomani hawakuwa na digrii, walijua kusoma namba tu na wakakubali kusimama juani kwa ajili ya wenzao. Sisi tunasoma miaka mitatu, halafu ndoto yetu ni kuajiriwa na mwenye mizani.

Nimeondoka Bujora binamu bado anaiangalia simu. Babu kamwambia aende kilabuni kwa madereva wenzake, wahesabu ni wangapi waliofungiwa. Wameanza, wamefika saba.

Haya, kesho nina jaribio saa mbili asubuhi. Mniombee.