Draiva moja, mota mbili: historia fupi ya kubana matumizi

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze juu ya vyuma. Ukiifungua printa ya 3D ya bei nafuu, unaweza kukuta mota mbili zinazoinua mhimili wa Z, lakini draiva, yaani ile saketi inayoipa mota umeme hatua kwa hatua, ni moja tu. Mtindo huu ulitoka wapi?

Turudi mwaka 2005. Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: mashine inayoweza kuchapisha vipuri vyake yenyewe, michoro yake ikiwa wazi kwa wote. Ya kwanza, Darwin, ilitoka 2007. Mhimili wake wa Z ulikuwa na fimbo nne za skrubu, zote zikizungushwa na mota moja kwa mkanda. Mendel ya 2009 ilibakisha fimbo mbili, na mkanda pia. Hapo fimbo haziwezi kupishana, labda mkanda uruke jino.

Mwaka 2010 Josef Prusa wa Jamhuri ya Czech aliirahisisha Mendel. Aliuondoa mkanda, akaipa kila fimbo mota yake, na mota zote mbili zikategemea draiva moja. Bodi ya RAMPS nayo ikaupokea mtindo huo: plagi mbili za Z zilizounganishwa sambamba. Draiva ikitoa ampea 1, kila mota hupata nusu. Z huenda polepole, kwa hiyo inatosha.

Mbona X na Y zisichangie vilevile? Kwa sababu mota za draiva moja hupiga hatua zilezile, ilhali mstari wa mshazari huhitaji X na Y ziende pamoja kwa idadi tofauti.

Hasara yake niliijua kwa mkono wangu. Nilizima printa, nikaizungusha fimbo ya kushoto kidogo wakati nikisafisha, nikasahau. Kilichochapishwa baadaye kilitoka kimeinama. Programu haikuona kosa lolote: inahesabu hatua ilizotuma, na kwake Z ni namba moja tu. Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu, kigezo kimoja kubeba hali za vitu viwili.

Je, dawa ni kuongeza draiva? Si lazima. Kuna bodi za CNC za kupachika juu ya Arduino, zinazotumia Grbl, programu aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Zina nafasi ya nne ya draiva, na kwa vijumpa unaifanya inakili X, Y au Z. Draiva ni mbili, ishara ni moja, upofu ni uleule.

Dawa ni kila mota kuhesabiwa peke yake. Marlin, iliyoanza 2011, iliruhusu mota ya pili ya Z ipewe draiva na ishara zake. Marlin 2.0 ya 2019 ikaongeza amri ya G34: mashine hupima kimo pande zote, kisha husahihisha kila mota.

Kama yako bado inachangia, usiitupe. Kabla ya kuchapisha, pima tu kwa rula kimo cha kushoto na cha kulia.