Mwito wa Kurejesha: Betri Mbovu Inapofuatwa Hadi Mfukoni

BL-5C. Fundi wa simu mjini Kakamega, Kenya, hahitaji kuelezwa maana ya herufi hizo. Ni betri bapa ya volti 3.7 iliyotumika katika Nokia 1100, 1110, 1600, 6230 na makumi ya simu nyingine. Ndiyo iliyowasha tochi ya zile simu ambazo Wakenya walizipa jina la mulika mwizi. Simu zenyewe zimezeeka na nyingi zimeshatupwa, lakini betri za umbo hilo bado zinauzwa vibandani, maana redio ndogo za FM zinazosikilizwa shambani na dukani huzitumia pia.

Tarehe 14 Agosti 2007, Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C zilikuwa na kasoro. Zilitengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, na zingeweza kupata shoti zikiwa kwenye chaji, zikapata joto kali na kuchomoka mahali pake. Visa takriban 100 vilikuwa vimeripotiwa duniani, bila majeraha makubwa. Kampuni iliahidi kubadilisha betri hizo bila malipo. Mwenye simu alitakiwa kufungua mfuniko wa nyuma, kuitoa betri, kuhakikisha kwamba imeandikwa BL-5C, kisha kuigeuza na kusoma kitambulisho cha herufi na tarakimu 26. Kitambulisho hicho ndicho kilichoamua iwapo betri ni mojawapo ya zile milioni 46, na mahali pakuu pa kukikagua palikuwa kwenye tovuti ya kampuni.

Mwezi huo M-Pesa ilikuwa na umri wa miezi mitano tu. Intaneti kwa wengi ilikuwa ni jambo la kwenda saiba na kulipia dakika. Nokia 1100 haikuwa na uwezo wa kufungua tovuti yoyote. Mkulima wa Shinyalu au Malava, eneo la Kakamega, aliyeitegemea simu hiyo alitakiwa atambue, kwa herufi ndogo mno, kama kitu kilicho mfukoni mwake kimo katika orodha iliyowekwa mahali ambapo simu hiyo haiwezi kufika. Hapo ndipo jina la kitendo hicho cha kampuni linapopata uzito wake.

Katika biashara na sheria za dunia kuna jina la kitendo cha mtengenezaji kugundua kwamba bidhaa aliyokwisha kuiuza ina hatari, akawatangazia walionayo waache kuitumia, akaichukua, na akawapa nyingine au akawarudishia fedha zao. Neno la Kiingereza la kitendo hicho, recall, lina maana mbili za kawaida: kukumbuka, na kumwita mtu arudi alikotoka. Maana ya pili ndiyo iliyohamia kwenye bidhaa. Nchi humwita balozi wake arudi nyumbani. Mtengenezaji huiita simu yake irudi kiwandani.

Kwa Kiswahili, magazeti na redio zimekuwa zikitumia maneno kadhaa, na kila moja hukamata kipande cha jambo. La kawaida zaidi ni kuondoa sokoni. Wakenya walilisikia sana Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipopiga marufuku aina tano za unga wa mahindi baada ya kupatikana na sumukuvu ya kiwango cha kupita kiasi, na likaagiza watengenezaji wauondoe madukani. Katika eneo kama Kakamega, ambako ugali ndio chakula, habari hiyo ilitikisa nyumba nyingi. Lakini tazama neno lenyewe linavyofanya kazi: kuondoa sokoni kunaishia kwenye rafu za duka. Unga uliokwisha kununuliwa, uliomo katika debe jikoni, hauko sokoni tena. Anayesikia kwamba unga umeondolewa sokoni anaweza kuelewa kwamba hatari imekwisha, kumbe pakiti yake imebaki palepale.

Neno la pili ni kurudisha bidhaa. Hili lina kasoro tofauti. Anayerudisha ni mnunuzi: ameona suruali haimtoshi, ameirudisha dukani. Tukisema kwamba watu wametakiwa kurudisha simu, mzigo wote unatua begani mwa mwenye simu, kana kwamba ndiye aliyebadili nia. Mtengenezaji hatajwi. Hata urejeshaji peke yake, neno zuri la kitaalamu, limeshajaa kazi: kuna urejeshaji wa pesa, wa mkopo, na hata wa picha zilizofutika.

Aprili 2024, Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya iliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, lirejeshwe, baada ya wadhibiti wa Nigeria kulikuta na kiwango kikubwa cha dietilini glikoli, kemikali yenye sumu. Agizo lilitaja nambari ya toleo, 329304, na kuwataka wenye maduka, hospitali na wananchi wasilitumie na walirudishe walikolipata. Hapo dhana yote ilikuwepo: kundi mahsusi la bidhaa, nambari ya kulitambua, hatari iliyotajwa, na njia ya kurudi hadi kwa yule ambaye bidhaa ilianzia kwake. Kilichokosekana ni jina moja la Kiswahili ambalo mama aliye na chupa nyumbani angelisikia na kujua mara moja kwamba anazungumziwa yeye.

Jina linalopendekezwa hapa ni mwito wa kurejesha bidhaa. Kwa kifupi, mwito wa bidhaa. Mwito una mwitaji, na hiyo ndiyo faida yake kubwa. Mtu akisikia mwito umetolewa, swali la kwanza ulimini ni: nani anaita? Jibu linapaswa kuwa jina la kampuni. Mwito pia unavuka mlango wa duka, kwani huifuata bidhaa ilipo, iwe mfukoni, chini ya mto au kwenye kibanda cha fundi. Neno lenyewe huzaa mengine kwa urahisi: simu iliyoitwa, toleo linaloitwa, kampuni iliyotoa mwito. Wapo watakaosema kwamba mwito ni neno la hiari, kama mwito wa kuchangia harusi. Lakini mahakama nayo hutoa hati ya mwito, wala hakuna anayeidhania kuwa ombi. Nguvu ya mwito hutoka kwa sheria iliyo nyuma ya mwitaji.

Jambo hilo lilionekana wazi katika mwito maarufu kuliko yote wa simu. Samsung ilianza kuuza Galaxy Note 7 tarehe 19 Agosti 2016. Wiki mbili baadaye, tarehe 2 Septemba, ilisimamisha mauzo na kutangaza kwamba ingebadilisha simu zipatazo milioni 2.5, kwa sababu ya visa 35 vya betri kupata moto. Huo ulikuwa mpango wa kampuni yenyewe. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ilitoa mwito rasmi tarehe 15 Septemba kwa simu kama milioni moja zilizokuwa nchini humo. Kufikia siku hiyo visa vya Marekani peke yake vilikuwa 92, kati yake 26 vya watu kuungua. Kuanzia hapo kuiuza simu hiyo Marekani kukawa kosa. Tofauti kati ya tangazo la kampuni na mwito wenye sheria ndiyo hiyo.

Kisha simu mbadala nazo zikaanza kuwaka. Tarehe 5 Oktoba, moja ilifuka moshi ndani ya ndege ya Southwest pale Louisville, Kentucky, abiria wakatolewa kabla haijaruka. Tarehe 11 Oktoba Samsung ikaacha kabisa kuitengeneza Note 7. Siku nne baadaye ikawa marufuku katika ndege zote za Marekani.

Matokeo ya uchunguzi wa sababu yalitangazwa tarehe 23 Januari 2017. Wahandisi wapatao 700 walikuwa wamejaribu simu 200,000 na betri 30,000. Ili kuelewa walichokikuta, yafaa kujua kilichomo ndani ya betri ya lithiamu. Kuna tabaka mbili nyembamba, moja ya upande chanya na nyingine ya upande hasi, zilizokunjwa pamoja. Katikati yake kuna utando mwembamba zaidi unaozizuia zisigusane, na humo mote mna kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Tabaka hizo zikigusana, mkondo hupita njia ya mkato. Hiyo ndiyo shoti. Joto linalozaliwa huharibu sehemu ya jirani, nayo huzaa joto zaidi, mpaka betri yote iwake. Kuzima chaja wakati huo hakusaidii, maana joto limeshaanza kujizalisha lenyewe.

Betri za Note 7 zilitoka kwa watengenezaji wawili, na kila kundi lilikuwa na ugonjwa wake. Katika kundi la kwanza, kifuko cha betri kilikuwa kimebana mno kwenye pembe ya juu, tabaka la upande hasi likapindika. Katika la pili, lililokuja kuokoa jahazi, kulehemu kulikuwa kumeacha vichomozo vya chuma vilivyotoboa utando, na betri nyingine zilikosa kipande cha utepe wa kuhami. Kampuni ilikuwa imewaita wateja mara ya kwanza na kuwapa simu yenye kasoro mpya.

Hata hivyo, mwito wa pili, uliozihusisha na simu mbadala, ulifanikiwa ajabu. Kufikia siku ya ripoti, asilimia 96 ya simu milioni tatu hivi zilizokuwa zimeuzwa zilikuwa zimerudi. Samsung ilituma masanduku yaliyokingwa dhidi ya moto, ikatoa fedha au simu nyingine, na ikasambaza programu zilizoizuia Note 7 kujaa chaji. Iliweza kufanya hivyo kwa kuwa simu ilikuwa mpya, ya bei ghali, na wanunuzi wake walijulikana.

Kakamega si simu zote zinazonunuliwa hivyo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hununua simu ya mtumba iliyotoka Uingereza au Dubai, akaitumia mwaka mmoja na kumwachia mdogo wake. Mwendesha bodaboda huichukua kwa mkopo wa kulipa kila siku. Betri ikifura, fundi huweka nyingine isiyo na jina la kiwanda. Simu ikiisha kupita mikono mitatu, risiti ya kwanza ilishapotea, na mwito unaotegemea risiti au barua pepe ya mnunuzi wa kwanza haumfikii yeyote.

Njia ya kumfikia ipo, na Kenya iliwahi kuitumia kwa jambo lingine. Tarehe 30 Septemba 2012, iliyokuwa Tume ya Mawasiliano ilizima simu bandia, karibu milioni 1.9, kwa kutumia IMEI, ile nambari ya tarakimu 15 inayoonekana ukibonyeza *#06#. Kabla ya siku hiyo wananchi walihimizwa kutuma nambari hiyo kwa 1555 kujua kama simu zao ni halali. Ujumbe mfupi ulifika hata kwenye kabambe, yaani simu ya kawaida ya vitufe. Kama mtandao unaweza kuitambua simu bandia ili uizime, unaweza kuitambua simu yenye betri hatari ili umwarifu aliyenayo, yeyote yule, kwa lugha anayoisoma. Na msingi wa kisheria haukosekani: kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa.

Siku hizi kumeanza kuonekana jambo linalofanana na mwito. Julai 2025, Google ilisambaza sasisho la lazima kwa simu za Pixel 6a: betri za baadhi ya simu hizo zikifikisha mizunguko 400 ya chaji, programu hupunguza uwezo wake na kasi ya kuchaji, ili zisipate joto kupita kiasi. Simu haiendi popote. Je, huu ni mwito? Hapana. Ni kinga, na yafaa tuuite upunguzaji wa chaji. Kwa sasisho hilo peke yake mwenye simu hubaki na betri ileile, inayokaa muda mfupi zaidi; fidia, au kubadilishiwa betri bure, ilitegemea nchi aliyomo. Tukiliita jambo hili mwito wa kurejesha, tutakuwa tumeipa kampuni sifa ya kazi ambayo haijaifanya.

Mwito kamili, ukisomwa redioni Kakamega, ungekuwa na maneno kama haya: Sisi tuliotengeneza simu hii tunaziita zote za toleo hili zirudi kwetu, kwa sababu betri yake inaweza kuwaka. Bonyeza *#06# na utume nambari utakayoiona. Utajibiwa bila malipo kama yako ni mojawapo. Ikiwa ni yenyewe, izime sasa, usiichaji, na ikiwa betri imefura usiitoboe wala kuikandamiza. Ipeleke kwa wakala aliye karibu nawe, hata kama uliinunua kwa mtu mwingine, hata kama huna risiti. Utapewa nyingine au fedha zako, na nauli ni juu yetu. Kama bado unailipia mkopo, malipo yamesimama kuanzia leo.