Je, Kila Neno Kali la Gazeti ni Kashfa?

Mtu akiandikwa vibaya gazetini hulalamika, "Nimekashifiwa!" Lakini si kila neno chungu ni kashfa. Tuseme gazeti limeandika kwamba karani wa soko la Mazinde hafai kazi yake: hiyo ni rai, ijapokuwa ni kali. Likiandika kwamba amekula fedha za ushuru, hapo limetaja tendo, na tendo hutaka ushahidi.

Jambo la namna hii lilipimwa mahakamani Dar es Salaam mwaka 1958. Bwana Julius Nyerere, Rais wa TANU na mhariri wa kijarida Sauti ya TANU, aliandika maneno ya kuwashutumu Mabwana Shauri wawili kwa utawala wao. Serikali ya Waingereza ikamshtaki kwa kashfa. Alitetewa na D. N. Pritt, wakili mashuhuri kutoka Uingereza. Sheria ilitaka kujua: Je, maneno haya ni ya kweli, tena yana faida kwa watu wote? Hakimu akamwona ana hatia, akamtoza faini ya shilingi 3,000, au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Basi, ndugu msomaji, ukiandikwa pasipo haki, kwanza pambanua: ni rai, au ni tendo la uongo? Rai ijibu kwa kalamu. Uongo juu ya tendo upeleke kwa hakimu. Nawe mwandishi, ushahidi utangulie wino.