Kombeo: Kutoka Dunguni Hadi Mwezini

Wilayani Kilosa, Tanzania, hulimwa mpunga na mtama, na mazao hayo yana adui mdogo: ndege aitwaye kweleakwelea. Silaha ya kale ya kuamia ndege hao ni kombeo, yaani kamba mbili na kifuko katikati. Kamba moja huvikwa kidoleni, ya pili hubanwa kwa vidole. Akiwa juu ya dungu, yaani jukwaa la kuamia ndege, mwamiaji hulizungusha, huachia ncha moja, na jiwe au bonge la udongo mkavu huchomoka kwa mvumo.

Siri ya kombeo ni kuurefusha mkono ili jiwe lipate kasi. Wazo hilo la kurusha mawe kwa kasi limefika hata katika hadithi za kubuni za kisayansi: katika riwaya ya Mmarekani Robert Heinlein, *The Moon Is a Harsh Mistress* (1966), waasi wa Mwezini wanaivurumishia Dunia miamba kwa mtambo wa umeme.