Uwakili katika Gusii

Uwakili ni fundisho la Kikristo kwamba mali ni ya Mungu, na aliye nayo ni mtunzaji tu. Katika Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, limeshika mizizi hasa kwa Waadventista wa Sabato. Misheni yao ya kwanza Kenya ilianza Gendia, karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1906, kisha ikafika Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii.

Fundisho hili huonekana mfukoni. Mkulima wa chai akipokea bonasi, hutenga kwanza zaka, yaani sehemu 1 kati ya 10, akaitia katika bahasha na kuandika kiasi chake. Sadaka huandikwa kwenye mstari wake. Zaka haijengi kanisa la mtaa: hupelekwa konferensi, yaani ofisi inayosimamia makanisa ya eneo, ambako wachungaji hulipwa. Ni utaratibu wa busara, kwani tajiri wa kijiji hapati nafasi ya kumweka mchungaji mfukoni.

Gharama nzito zaidi ni muda, nao pia huhesabiwa kuwa wa Mungu. Ijumaa, kabla jua halijazama na Sabato kuanza, muumini hufunga duka, na Jumamosi, hata ikiwa siku ya soko, halifunguliwi mpaka magharibi.