Muwala wa Masimulizi na Majina ya Marika

Mwaka 1976 Halliday na Hasan walitoa kitabu kilichoeleza viungo viifungavyo sentensi na sentensi: viwakilishi, viunganishi, na maneno yanayorudiwa. Viungo hivyo vina kazi kubwa, walakini havitoshi. Mtu aweza kusema: wazee walitia alama, alama ya ng'ombe huchomwa kwa moto, moto huteketeza nyasi. Kila sentensi imeishika mwenzake, lakini hakuna habari iliyosimuliwa. Kilichokosekana ni muwala, yaani maana moja iyaongozayo yote.

Jambo hili lamhusu mno aandikaye historia ya Wamaasai. Mwaka 1958 wazee walikubali kwa maandishi kuhama Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo. Nyaraka za serikali hufuata tarehe. Masimulizi ya wafugaji, kama wale wa Piyaya, mashariki ya Serengeti, hufuata marika: Ilterito, kisha Ilnyangusi, kisha Iseuri. Msimulizi akiwataja Ilnyangusi hana haja ya kusema "baadaye" wala "kabla ya hapo". Mpangilio wa nyakati umo katika jina lenyewe, na wasikilizaji wanaujua.

Basi mwandishi ayaondoaye majina ya marika kwa kuyaona kuwa ni mapambo hukata uzi, kisha huwalaumu wazee kwamba maneno yao hayashikamani. Yampasa aandike rika na mwaka pamoja. La sivyo, ushahidi wa karatasi utasikika peke yake, na wa watu waliohama utahesabiwa kuwa ni porojo.