Kutoka Lwandai hadi Chuo Kikuu: Njia ya Mtoto wa Mkulima

Mwaka 1891, wamisionari Paul Wohlrab na Ernst Johanssen walipofungua kituo cha Mlalo, kazi ya Injili na kazi ya shule zilianza pamoja. Kutoka katika madarasa yale walipatikana walimu na wainjilisti wa kwanza wa Usambara. Vituo vya Vuga na Bumbuli vilifuata kabla ya karne ile kwisha. Hivyo mtoto wa mkulima wa milimani aliipata shule mapema. Lakini njia hiyo iliyoanza mapema haikwenda mbali. Kwa miaka mingi aliyetaka elimu ya juu alipaswa kwenda Makerere, Uganda, na waliofika huko kutoka Tanganyika nzima walikuwa wachache.

Mwaka 1947 chuo cha theolojia kilianzishwa Lwandai, na mwaka 1954 kikahamia Makumira, karibu na Arusha. Kijana aliyeitwa katika uchungaji aliweza kusomeshwa na Kanisa hata kama baba yake hakuwa na kitu. Kwa vipaji vingine milango ilikuwa michache, na kwa wasichana ilikuwa michache zaidi.

Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam. Katika miaka iliyofuata Uhuru, Serikali ilibeba gharama za aliyechaguliwa. Shida kubwa ilikuwa uchache wa nafasi. Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Vyuo viliongezeka, vikiwemo vya makanisa, lakini kwa sera ya uchangiaji sehemu ya gharama ilimrudia mzazi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005.

Mwaka 2007 KKKT ilifungua Magamba, Lushoto, chuo kilichoitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa, Mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1992, kikatilia mkazo elimu ya watu wenye mahitaji maalumu. Umbali ulipungua, ada ilibaki.

Tangu Bodi ianze, kijana mwenye alama za juu amekuwa na kilima kingine cha kupanda. Cheti chake cha kuzaliwa sharti kihakikiwe. Yatima huombwa cheti cha kifo cha mzazi. Fomu hutaka sahihi ya kiongozi wa kijiji na mdhamini. Mjane aliyemzika mumewe bila kuandikisha kifo chake hugundua, mtoto anapofaulu, kwamba mbele ya ofisi ufukara wake hauna ushahidi. Hata mkopo ukikubaliwa, fedha humfikia mwanafunzi baada ya kujisajili chuoni. Nauli, godoro na chakula cha majuma ya kwanza ni mzigo wa nyumbani, na pengine kilichopo nyumbani ni magunia mawili ya viazi.

Serikali imepunguza mzigo huo kwa hatua. Ada iliondolewa katika shule za umma hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Mwaka huohuo wa 2022 ulianzishwa ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi. Lakini aliyefaulu vizuri bila kuwa miongoni mwa hao wa juu kabisa angali anautegemea mkopo.

Hapo ndipo usharika unapohusika. Kila mwaka washarika huleta mavuno madhabahuni, na baada ya ibada ndizi, kuku na mayai hunadiwa. Minada hiyo imejenga makanisa mengi, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Ni haki pia kuuliza ni mara ngapi mnada umefanywa kwa ajili ya nauli ya binti mmoja aliyechaguliwa chuo kikuu.

Kuna hazina nyingine isiyohitaji fedha. Daftari la ubatizo lina jina la mtoto, wazazi wake na siku aliyozaliwa, na cheti cha ubatizo ni moja ya vielelezo vinavyokubaliwa anapochelewa kuandikishwa serikalini. Wazee waliotunza madaftari hayo kwa wino na subira hawakujua kwamba walikuwa wakiwatunzia wajukuu zao njia ya chuo kikuu. Usharika unaoingia karne ya pili unaweza kuifanya kazi hiyo kwa kujua: siku mtoto aletwapo kisimani, mzazi aulizwe kama amekwisha kumwandikisha.